Kicheko cha Dobi

Moshi ulianza kama uzi. Ulitoka chini ya pasi, ukapanda taratibu mbele ya uso wa dobi, ukampita puani, na dobi akaendelea kusimulia. Alikuwa anamsimulia fundi cherehani wa duka la jirani, aliyekuja kuchukua mapazia, kisa cha mteja aliyeleta suruali yenye meno ya bandia mfukoni. Alipofika pale mwenye meno aliporudi kuyaulizia huku amejifunika mdomo kwa leso, alicheka mpaka akaiegemea pasi kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa kwenye beseni la wanga, mikono imezama mpaka viwikoni. Alinusa kabla hajaona. Aliruka akaikwapua pasi, na mgongoni mwa shati jeupe pakabaki alama ya kahawia, imechongoka mbele na kupanuka nyuma, safi kama muhuri.

"Ah," mama akasema, akiitazama kana kwamba ni kazi ya watu wengine. "Sasa shati limepata mlango wa uani."

Fundi cherehani alishika mbavu. Binti alilikunja shati, akaliweka chini ya meza pamoja na mengine.

Hiyo ilikuwa pasi ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza walisema imezeeka. Ya pili waliipeleka kwa fundi wa umeme, akaifungua yote, akapanga skurubu zake mezani, akaifunga tena na kusema, "Pasi hii ni nzima kuliko mimi." Hawakumwamini. Kwa watu wa kazi ile, nguo ikiungua mshtakiwa ni mmoja tu, na hukumu yake haina rufaa. Wakaleta ya tatu, ikaunguza vilevile.

Ajabu ni kwamba mtu wa kuwaelimisha alikuwa dobi mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha binti, angali mdogo wa kupandishwa juu ya kreti ili afike mezani, kwamba jicho hufika limechelewa. Anayepiga pasi ni pua. Nguo kabla ya kuungua hutoa harufu nyembamba kama ya mkate uliokaa sana motoni, na dobi alijua pamba inavyotoa yake na kitani yake. Alikuwa akinusa kola iliyoanikwa na kukwambia kama sabuni imetoka yote. Kwa mtu mwenye pua ya namna hiyo, nani angeishuku pua?

Zamani, yaani miaka miwili na nusu nyuma, dobi hakuwa mtu wa visa. Alikuwa mwanamke wa maneno ya kuhesabika, na karibu yote yalikuwa amri. "Rudia." Neno hilo binti alilisikia utotoni kuliko alivyolisikia jina lake. Kola ikiwa na kijikunjo kisichoonekana mpaka uinue shati kwenye mwanga, rudia. Mara nyingine neno lilifuatana na kofi. Alipomaliza darasa la saba, kesho yake alikuta stuli yake imekwisha kuwekwa kando ya beseni, na habari za shule zikaishia hapo, bila kikao. Kaka yake, aliyemzidi miaka saba, ndiye aliyekuwa na ulimi. Siku aliyomjibu mama mbele ya wateja, jioni alikuta begi lake barazani, nguo zake zote zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri ndani yake. Hivyo ndivyo mama alivyofukuza watu, kwa unadhifu. Kaka akaenda kuendesha malori mji mwingine, na kwa miaka sita hakutajwa pale dukani, wala kwa wema wala kwa ubaya.

Badiliko halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji. Asubuhi moja mama aliinua shati alilopiga binti, akaliona limekaa upande, akasema, "Inatosha." Binti alisimama akingoja sehemu ya pili ya maneno hayo. Haikuja. Wiki chache baadaye aliitwa "mwanangu mtamu", na akageuka kuangalia ni nani aliyeingia. Kisha zikaanza simulizi, na majina ya utani kwa wateja: karani wa mahakama akawa Bwana Mikunjo, mwalimu mkuu akawa Soksi Moja. Watu walianza kuleta hata nguo zisizohitaji kufuliwa. Mwaka uliofuata mama aliichukua simu ya binti, akampigia kaka. "Njoo ule, wewe mtu mrefu," akamwambia, kana kwamba walikuwa wameachana jana. Kaka alikuja amekaza uso, tayari kwa vita. Aliondoka siku ya tatu, na mtaa mzima ulimsikia akicheka peke yake ndani ya lori.

Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliamka asubuhi bila kusikiliza kwanza hatua za mtu.

Aliona na mengine, kwa sababu kuona ndiyo kazi aliyokuwa nayo tangu utoto. Aliona bomba linaachwa wazi mpaka maji yafike mlangoni. Aliona kisa kilekile kikisimuliwa mara mbili kwa mtu yuleyule, na kicheko kilekile mwishoni. Aliona stuli ya mama ikiwa na unyevu, na mama akiinuka bila haya wala haraka. Aliona siku mjane alipoleta suti ya marehemu mumewe ya kumzikia, akaomba ipigwe pasi vizuri, na mama akaipima kola kwa vidole na kuuliza, "Tuweke wanga, au huko aendako atatoka jasho?"

Mjane alibaki na mdomo wazi. Binti alitoka nyuma ya meza, akamshika mkono, akamwomba radhi, akasema mama hakulala vizuri. Suti aliipiga mwenyewe, akaipeleka mwenyewe. Njiani, na suti ile mkononi, kicheko kilimponyoka. Alisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu mpaka kiishe.

Hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa ameingiwa na kitu ambacho si woga hasa. Alikuwa kama mtu aliyepewa chenji ya kuzidi, akaifumba kiganjani na kutembea haraka kidogo.

Kilichowapeleka hospitali ni macho. Mama alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango aliouingia kwa miaka thelathini. Wakampeleka kwa daktari wa macho ili apimiwe miwani, na daktari huyo, aliyekuwa akizungumza kuhusu hali ya hewa, alimulika ndani ya jicho, akanyamaza. Aliandika barua ndefu, akaifunga. "Msiende nyumbani kwanza," akasema. "Pelekeni hii leo."

Vilifuata vipimo vya siku mbili. Mama aliingizwa kwenye mashine iliyo kama bomba, akadungwa dawa ya rangi mshipani, akaambiwa asitikisike. Alipotolewa aliwaambia kwamba humo ndani mnapigwa makofi na vijiko, lakini huduma ya kulala ni nzuri.

Daktari wa upasuaji wa ubongo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Aliwakalisha watatu, mama katikati ya binti na kaka. Kwanza alimfumba mama macho kwa kitambaa, akampitishia vichupa puani: kahawa, sabuni, karafuu.

"Unasikia nini?"

"Nasikia unanitania, daktari," mama akasema. "Mgeni haletewi chupa tupu."

Kaka alicheka. Daktari alitabasamu kidogo, akaandika. Kisha akaweka picha kwenye ubao wenye mwanga. Hata mtu asiyejua kitu aliona kilichopaswa kuonwa. Nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya mzizi wa pua, palikuwa na kitu cheupe cha mviringo, ukubwa wa chungwa dogo, na ubongo umejikunyata pande zote kukipisha.

"Ninyi ni watu wa nguo," daktari akasema. "Suti ina bitana. Ubongo nao una bitana yake, utando unaouzunguka wote. Uvimbe huu haukuota kwenye ubongo, umeota kwenye bitana. Unaitwa meninjioma. Mnaona huu mkia mwembamba unaoambaa na utando? Ndio unaotufanya tuutambue. Wengine huota juu ya utosi, wengine pembeni nyuma ya jicho, wengine hata kwenye uti wa mgongo. Wa mama umekaa juu ya mishipa ya harufu, na sasa umeifikia ya macho."

"Ni saratani?" kaka akauliza.

"Mara nyingi si saratani. Tunazigawa madaraja matatu. Daraja la kwanza hukua polepole, miaka na miaka, na ndizo nyingi. La pili lina haraka zaidi na hupenda kurudi. La tatu ni adimu, na hilo ndilo saratani. Lakini daraja haliandikwi kwenye picha, linaonekana kwenye hadubini tukishautoa. Ungekuwa mdogo, usiomsumbua, tungeuangalia tu kila mwaka. Ungekuwa mahali pasipofikika, tungeupiga mionzi. Huu ni wa kutolewa. Ila nahitaji kujua mwendo wake, na hilo mtaniambia ninyi. Alianza lini kubadilika?"

"Kubadilika vipi?" kaka akasema. "Mama yuko vizuri. Amechangamka kuliko mimi."

Daktari alimtazama mama, ambaye alikuwa akikunjakunja kitambaa alichofungwa macho, pembe kwa pembe, kwa ustadi mkubwa.

"Uvimbe ukikaa hapa," akasema, "hugusa tabia. Mkimya huwa msemaji. Mkali hulainika. Haya huondoka. Watu wa nyumbani ndio huona kwanza."

Wote wawili wakamgeukia binti. Aliona stuli kando ya beseni. Aliona lori limeegeshwa mtaani. Akajua kwamba tarehe atakayoitaja ndiyo itakayokata, na kila kilicho upande wa huku wa tarehe hiyo kitaitwa ugonjwa.

"Miezi mitatu," akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Ndiyo."

"Miezi mitatu ni haraka mno kwa kitu kikubwa hivi." Alirudi kwenye picha, akasimama mbele yake kwa muda. Kisha akaeleza, kwa sauti ileile, kwamba kuna saratani za titi na za mapafu ambazo hutupa mbegu kwenye utando wa ubongo, na kwenye picha zikafanana na meninjioma kama mapacha. Kwa mwendo wa haraka namna hiyo asingeweza kufungua kichwa kabla hajautafuta mwili mzima. Kifua, matiti, tumbo. Mashine ilikuwa na foleni, itachukua siku kumi hivi. Wakati huo mama angelazwa na kupewa vidonge vya kupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe. "Kitu kimoja tu kinanisumbua," akamalizia. "Macho hayapangi foleni."

Wadi ilikuwa na vitanda sita na dirisha moja refu. Mama aliitawala kwa siku mbili. Aliwapa wagonjwa wenzake majina, akamfundisha muuguzi kukunja pembe za shuka kwa namna ambayo haiachi mfuko. Kaka aliomba ruhusa kazini akaja kukaa naye mchana kutwa, wakicheka pamoja kama watoto wawili walioachiwa nyumba. Binti alikaa upande wa pili wa kitanda na kutazama.

Siku ya nne aliona mkono wa mama ukikitafuta kikombe cha chai. Kilikuwa pale pale kilipokuwa siku zote, mezani upande wa kulia. Mkono ulipita juu yake, ukapapasa ukingo wa meza, ukarudi, ukakigonga. Chai ikamwagika.

"Meza imehama," mama akasema.

Kifua kilikuwa kimepimwa, ni safi. Tumbo lilikuwa bado, matiti bado. Binti alifuta meza, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole chini ya kitambaa.

Alasiri, kaka alipotoka kutafuta mkate, binti alimwosha mama miguu kwenye beseni la hospitali. Mama alikuwa ametulia kidogo, akimtazama kutoka juu kwa jicho lililokuwa bado linaona.

"Hivi wewe ulipokuwa mdogo," akauliza, "nilikuwa nakupiga?"

Binti aliendelea kuosha. "Ndiyo, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Kola."

"Kola?"

"Kola na pindo. Lakini zaidi kola."

Mama aliduwaa kidogo, kisha kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtikisa mpaka maji yakaruka kwenye beseni. "Kola," akasema akijifuta machozi. "Jamani, kola."

Na binti, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akingoja mtu azungumze habari hiyo, akaona kwamba imezungumzwa na imekwisha. Hakuna kilichobaki cha kusemwa. Mhudumu wa usafi alipita na ufagio wake, na mama, akiwa bado anahema, akamwita, "Njoo usikie, mwanangu mtamu. Eti nilikuwa nawapiga watu kwa sababu ya kola."

Mwanangu mtamu. Kwa sauti ileile, kwa uzito uleule. Binti aliinua mguu mmoja wa mama, akaukausha katikati ya vidole, akaurudisha kwenye kandambili, kisha wa pili. Hakuwa na hasira. Alikuwa tu ameona, kama unavyoona jioni taa ikiwashwa, kwamba upole ule haukuwa umetumwa kwake. Ulikuwa umefunguliwa kama bomba, na yeye ndiye aliyetokea kuwa karibu na ndoo.

Alimwaga maji, akaning'iniza kitambaa, akaenda kumtafuta daktari.

Alimkuta kwenye korido, amesimama anakunywa maji, na karibu naye kaka anarudi na mkate kwapani. Angeweza kungoja kaka apite. Hakungoja.

"Daktari, si miezi mitatu," akasema. "Ni miaka miwili na nusu. Kwanza alianza kuacha makosa yapite. Kisha akaanza kusimulia. Kuunguza nguo kulianza mwaka jana, tukadhani ni pasi. Kujikojolea ni tangu miezi minane. Kujigonga ndiyo miezi mitatu."

Alisema yote bila kupumzika, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya nguo za mteja. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini ulisema mitatu?"

Binti alitafuta neno. Alikuwa nalo moja tu.

"Nilidhani amepona," akasema.

Daktari hakumkemea. Alisema kwamba habari hiyo inabadilisha mambo: kitu kilichochukua miaka miwili na nusu kina tabia ya daraja la kwanza, hawana haja ya kungoja vipimo vilivyobaki, na atampa mama nafasi keshokutwa asubuhi. Akasema tena, akiwa anaondoka, kwamba siku nne zimepotea lakini si nyingi. Binti alizibeba zote nne.

Kaka alikuwa bado amesimama palepale. "Miaka miwili na nusu," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Mimi alinipigia mwaka jana."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siye yeye aliyenipigia." Aliuhamisha mkate kwapa la pili. "Ni hilo chungwa."

Binti akaupokea mkate.

"Sasa wakilitoa?" kaka akauliza. "Ataniweka tena begi barazani?"

"Sijui, kaka. Daktari anasema wengine hurudi walivyokuwa, wengine nusu. Hakuna anayejua."

"Wewe unamtaka yupi?"

"Nataka aone kikombe," binti akasema.

Kesho yake ikaletwa fomu. Daktari alikuwa amemweleza mama kila kitu, akamwuliza maswali, na mama akamjibu kwa visa. Kwa hiyo sahihi ilihitajika ya ndugu. Waliielekeza kwa kaka, mkubwa wa nyumba. Kaka aliisoma mara mbili. Ilitaja kutokwa na damu, kifafa, upofu, kifo, na harufu ambayo haitarudi. Alisoma kama anatafuta mstari unaomhusu yeye, asiuone. Akairudisha mezani, akasema anakwenda kuangalia lori. Binti aliivuta fomu. Mwandiko wake ulikuwa wa darasa la saba, herufi za mviringo zilizoshikana mikono, na aliandika polepole, kwa sababu hakutaka kurudia.

Upasuaji ulichukua saa nane. Mama alipelekwa amekwisha kunyolewa, na maneno yake ya mwisho kabla ya nusu kaputi, alivyosimulia muuguzi, yalikuwa kumwuliza mtu wa dawa kama kofia ile ya kijani amepewa au ameiba. Binti alikaa kwenye benchi la mbao. Saa ya tano kaka alikuja, akakaa mwisho wa benchi, akiacha nafasi ya watu wawili katikati yao. Daktari alipotoka, alama za kamba za barakoa zilikuwa bado mashavuni mwake. Umetoka, akasema, karibu wote. Kipande chembamba kilikuwa kimeukumbatia mshipa mkubwa wa damu, amekiacha kwa makusudi. Watakitazama kwa picha kila mwaka, na kikianza kukua watakipiga mionzi.

Kwa siku sita mama alikuwa kimya. Alifungua macho, alifuata kidole, alikubali uji. Alipoulizwa jina lake alilitaja kwa usahihi, kama mtu anayelipa asichopenda kulipa. Wagonjwa wa wadi walimngoja achekeshe, wakachoka. Majibu ya maabara yalikuja wiki ya tatu, akiwa amekwisha kurudi nyumbani: daraja la kwanza. Jicho la kushoto lilikuwa limerudi karibu lote. La kulia lilibaki na ukungu upande wa nje. Pua ilikuwa imekufa, haitarudi, na daktari alikwisha kuwaambia wasiidai.

Kaka alikuja siku moja bila kuarifu. Alisimama mlangoni mwa duka, nusu ndani nusu nje, mkono kwenye fremu. Mama alikuwa kwenye stuli, kitambaa kichwani, akitenganisha vifungo vyeupe na vya rangi ya maziwa. Aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu, kutoka viatuni kwenda juu.

"Umekonda," akasema.

Akarudi kwenye vifungo. Kaka alimtazama dada yake, kama anayeomba atafsiriwe. Dada aliinua mabega. Kaka akaingia, akatafuta pa kukaa, akakaa, akala alichopewa. Alipoondoka mama hakumsindikiza wala hakumwambia asirudi.

Ilikuwa baada ya siku hiyo, mchana mmoja wateja walipokuwa wachache, mama alipoweka kopo la vifungo chini na kusema, "Watu wananitazama vibaya."

Binti alikuwa anapiga pasi shuka. "Watu gani?"

"Wote. Wanakuja hapa wanasubiri kitu. Yule karani leo amesimama hapo, ananiangalia mdomoni. Nikamwuliza anataka nini, akasema hataki kitu." Paji lake lilikuwa na kovu jipya, lililopinda kufuata mstari wa nywele zilizoanza kuota. "Nilikuwa nasema nini?"

"Lini, mama?"

"Unajua lini. Nakumbuka vipande. Nakumbuka nacheka, sikumbuki nacheka nini." Sauti yake haikuwa na ukali, wala haikuwa na ulaini. Ilikuwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia, ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui. "Wewe ulikuwepo. Unaona kila kitu wewe, tangu mdogo. Niambie."

Binti aliisimamisha pasi wima, akachomoa waya. Angeweza kuanza na meno ya bandia. Angeweza kuanza na Soksi Moja, na wangepita hapo salama.

"Kuna mama mmoja alileta suti ya marehemu mumewe," akasema.

Akaisimulia yote, wanga na jasho, na mdomo wa mjane ulivyobaki wazi. Hakupunguza, hakuongeza. Mama aliweka mikono mapajani. Uso wake ulibadilika taratibu, kama nguo inayonywa maji.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimwomba radhi. Suti niliipeleka mwenyewe."

"Halafu?"

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito, sauti ikaja, ikapungua, ikaisha.

"Halafu nilicheka," binti akasema. "Njiani. Nilijificha nyuma ya ukuta nikacheka mpaka nikaumwa tumbo."

Mama alimtazama. Kisha akainuka, akaishika stuli kwa mkono mmoja, akaizunguka meza akipapasa ukingo wake, mpaka upande wa pili, ambako binti angekuwa mbele ya jicho la kushoto. Akaketi.

"Endelea," akasema.